Fundi Aliyekataa Kushindwa kwa Adabu

Wanaosema yule fundi alikuwa na kiburi, waulizeni kwanza kama waliwahi kukaa mbele ya ubao wake. Wengi hawakuwahi. Walisikia tu habari za siku ile ya barazani kwa Bwana Ajenti, mzungu wa ofisi ya wilaya, wakaamua kwamba mtu mweusi anayemshinda mzungu mbele ya watu wake hajui kuishi. Mimi nilikaa mbele ya ubao huo karibu miaka minne, nikashindwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na siku ile ya barazani nilikuwepo, nimesimama katikati yao wawili nikitafsiri. Kwa hiyo nitasema mimi, na asiyependa anyamaze.

Jina lake silitaji. Tulimwita Fundi, na hata mke wake alimwita Fundi. Alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa Songo, hapa Uvira, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona ziwa upande mmoja na milima upande wa pili. Mimi nilikuwa karani wa ofisi hiyo ya wilaya, nimeoa, nina watoto wawili, na nyumba yangu ilikuwa ya pili kutoka kwake. Yeye alitoka milimani, upande wa Lemera, na miaka ile ya hamsini mtu wa milimani hakukaa mjini hivi hivi. Alihitaji karatasi ya kukaa, nayo ilipigwa muhuri upya kila mwaka. Muhuri ukikosekana unarudishwa ulikotoka, wewe na mkeo na kitanda chenu. Karakana yote ya Fundi, mbao zake, wateja wake na watu wake wa saa kumi, vilitegemea karatasi hiyo moja. Yeye alijua, na sisi sote tulijua.

Watu wa saa kumi walikuwa wale waliokuja kwake kazi zikiisha: wapakizi wa bandari ya Kalundu, wavuvi wa ndagala waliokuwa wamelala mchana, mwalimu mmoja au wawili, na wakulima wa pamba wa bonde la Ruzizi siku walizoshuka sokoni. Walikuja kucheza ule mchezo ambao vitabu vinauita sataranji, na sisi, kwa kufuata Kifaransa, tuliuita esheki. Ubao ulikuwa mmoja tu. Wawili walikaa, wengine wakasimama nyuma yao na kupiga kelele. Ndivyo kisoro, bao letu la kete na mashimo, kinavyochezwa kwetu, na Fundi hakuona sababu ya kubadilisha. Kila mchezaji alikuwa na watu wake nyuma, wanamshauri, wanamtukana, wanamvuta bega, naye akachagua neno la kusikiliza. Mpita njia angedhani kuna kesi inaamuliwa.

Fundi aliujua mchezo huo kwa njia ya kazi. Padri mmoja mzee alimletea kisanduku cha vipande vya esheki, vitano vikiwa vimepotea, akamwomba achonge vya kujaza. Fundi akamjibu kwamba hawezi kuchonga kitu asichojua kazi yake. Mguu wa meza unabeba, mpini unashikwa. Hiki kinafanya nini? Padri akacheka, akaketi juu ya rundo la mbao, akaanza kumweleza. Maelezo hayo yalichukua msimu mzima wa mvua, na pamoja nayo Fundi akaokota Kifaransa cha kumtosha. Padri alipohamishwa, Fundi alikuwa amekwisha kumshinda mara mbili, na alikuwa amejichongea vipande vyake thelathini na viwili, nusu kwa mti mwekundu wa libuyu na nusu kwa mti mweupe.

Vipande hivyo havikufanana na vya padri. Farasi hatukumjua, kwa hiyo alichonga ng'ombe wa Mulenge mwenye pembe ndefu, na pembe hizo zilivunjika kila mwezi. Yule ambaye Wafaransa wanamwita mwendawazimu, anayekwenda kimshazari, yeye alimwita Mshale. Minara ya kona aliiacha ibaki minara. Mfalme alikuwa Mwami, bila shaka. Na yule mwenye nguvu kuliko wote, anayesimama kando ya Mwami, padri alimwambia kwamba ni mke. Fundi alikataa katakata.

“Bibi ya mwami anaikalaka mu nyumba,” alituambia. “Huyu anatembea kila fasi, anapiga kila mutu. Huyu ni mama yake. Kwetu mwami akiwa mutoto, mama yake njo anatawala. Basi, huyu ni Mama.”

Na wale wadogo wanane wa mbele, ambao Kifaransa kinawaita pioni, aliwaita watu. Siku moja mwalimu alisema “pioni” kwa mazoea ya shule, na Fundi akaacha kupiga randa.

“Minye sina pioni,” alisema. “Niko na bantu munane. Ukipoteza mumoja, useme nimepoteza muntu, usikie vile inauma.”

Kosa letu la kwanza, sisi wote bila kumwacha hata mmoja, lilikuwa kula. Aliyekulia kisoro ataelewa. Katika kisoro, kete unazokula zinakuwa zako: unazichukua kwenye mashimo ya mwenzako, unazipanda kwenye mashimo yako, unazidi kuwa tajiri, naye anazidi kukauka. Kwa hiyo mikono yetu ilikuwa imezoea tangu utotoni kwamba penye kitu cha kula, unakula. Tukaja kwenye esheki na mikono hiyo hiyo. Mkulima mmoja wa pamba, mtu wa Kirundi kutoka bondeni, ambaye kwenye kisoro hakuwa na wa kumshinda kuanzia Kamanyola hadi Uvira, alikula vipande sita vya Fundi siku yake ya kwanza. Alivipanga pembeni mwake kwa furaha. Halafu akashindwa, akabaki kuviangalia vile sita kana kwamba vimemsaliti.

“Sasa unangoja bakusaidie?” Fundi alimwuliza.

“Ni vyangu. Nilivikula.”

“Ni vya sanduku. Kisoro ukikula, unalisha nyumba yako. Huku ukikula, kile kitu kimekufa tu, na weye uko palepale, mukono yako imetoka mu kazi ilikuwa inafanya. Minye nilikupatia mumoja, mumoja, na weye ukafuata, ukafuata, mupaka ukaacha mwami yako peke yake. Mbele ya kukula ujiulize: juu ya nini anataka minye nikule?”

Yule mkulima aliondoka amekasirika, lakini Jumamosi iliyofuata alirudi, na nyingine pia. Baada ya miezi sita alimshinda Fundi kwa mara ya kwanza, tena kwa kumwachia Mshale aule. Nitalisema na hili, kwa sababu sikuja hapa kumpaka mtu mafuta: Fundi alifunga karakana siku mbili. Alisema anaumwa jino. Mke wake alituambia mlangoni kwamba meno yote yako salama, ila mzee wa nyumba anacheza ule mchezo peke yake tangu asubuhi na amekataa ugali.

Mafundisho yake mengine yalitoka kwenye kazi za mikono. Alikuwa akimwona mtu anahamisha kipande kimoja mara tatu nne mfululizo, huku vingine vimelala nyumbani, basi anamwuliza, “Uko na vyombo kumi na sita, na unatengeneza kabati na nyundo peke yake?” Alitaka kwanza ng'ombe watoke, halafu mishale, kila kimoja hatua moja, kila kimoja mahali pake. Alitaka watu wawili wa katikati wasogee mbele na kuushika ubao pale katikati, kwa sababu ng'ombe aliye katikati anafika pande nane, na ng'ombe aliye kwenye kona anafika mbili. Alituhesabisha hizo pande kwa kidole, moja moja, hata watu wazima wenye wajukuu. Alitaka Mwami aingizwe ndani mapema, nyuma ya mnara wake, kabla vita haijawaka. Na Mama asitolewe mwanzoni, maana kila mtoto wa jirani atamfukuza, na wewe utatumia siku nzima kumtafutia pa kukimbilia.

Zaidi ya yote kulikuwa na swali. Hakuruhusu mkono uguse kipande kabla mdomo haujalijibu: “Anataka nini?” Yaani yule wa mbele yako, kwa hatua aliyocheza sasa hivi, anatafuta nini? Fundi alikuwa na rula yake ya mbao, na mkono uliotangulia swali ulipigwa nayo. Mimi ni karani, nilivaa shati jeupe na tai, na nilipigwa rula hiyo mbele ya wapakizi wa bandari mara zisizohesabika. Nilikwenda nyumbani vidole vikiwaka. Lakini ofisini nilianza kuona mambo. Bwana Ajenti akiniambia kwa upole leo niondoke mapema, nilijiuliza anataka nini, na kwa kawaida nilikuta kuna barua hakutaka niione.

Wale watu wanane aliwapenda kuliko vipande vyote, na kwa ajili yao alitugombeza kwa uchungu. Vipande vingine vyote vinaweza kurudi nyuma, alisema, isipokuwa hawa. Ukimsogeza mmoja ovyo umekwisha, hakuna kumwomba arudi. Kwa hiyo usimsogeze kwa sababu umekosa la kufanya. Wasimame wakishikana, mmoja akimlinda mwingine, na mchezo ukifika mwisho, ubao ukiwa mtupu, mtu mmoja aliyebaki ndiye atakayeamua. Akifika upande wa pili anakuwa Mama.

“Na akitaka kuwa Mwami?” mpakizi mmoja aliuliza.

“Hapana. Mwami ni mumoja tu. Lakini angalia muzuri: nani ana nguvu, Mwami ao Mama?”

Tulicheka. Polisi mmoja aliyekuwa akipita alisimama kutuangalia, akaenda zake.

Sasa watu wanauliza, mtu aliyewafundisha wenzake subira kiasi hicho, mbona yeye mwenyewe hakuwa nayo? Ni kweli hakuwa nayo. Mbele ya ubao aliweza kukaa nusu saa bila kupepesa macho, lakini akiletewa ubao wenye nyufa na mfanyabiashara anayejifanya hajui, aliuvunja kwa goti hapo hapo. Alitufundisha kumficha Mwami mapema, na yeye hakujificha siku hata moja. Alisema Mama ndiye nguvu ya nyumba, halafu kwa miaka mingapi sijui hakuona haja ya kumfundisha mke wake. Mwanamke yule alijifunza akiwa jikoni, kwa kusikiliza tu kelele zetu ukutani. Alasiri moja alitokeza na sinia ya mihogo, akautupia ubao jicho, akasema, “Fundi, ile ng'ombe yako iko inakufa.” Fundi akamwambia arudi kwenye moto wake. Hatua mbili baadaye ng'ombe akafa. Kesho yake saa kumi tulimkuta mama huyo amekaa kwenye kiti cha mchezaji, na Fundi amesimama nyuma yake anamshauri, na mama hamsikilizi kabisa.

Kuna jambo moja tulilobishania daima, mimi na yeye. Siku zile karani aliyetaka kusogea mbele aliomba kadi ya watu waliostaarabika. Walikuja nyumbani kwako kuangalia uma na visu, shuka za kitanda, jinsi mkeo anavyokaa mezani. Mimi niliiomba. Fundi alinitengenezea kabati ya vyombo kwa ajili ya siku hiyo, akaitengeneza vizuri sana, na wakati wa kuiingiza mlangoni akaniambia, “Muloko yangu, baba yako alikuwa muntu, na hakuwa na kabati.” Nilimwambia yeye hana haja ya kadi kwa sababu hana bosi. Akasema, ndiyo, hana. Muloko ni mdogo wa mtu, na kwangu mimi yeye alikuwa yaya, kaka mkubwa, kwa hiyo nikashika kabati upande wangu, tukaiingiza.

Shida ilianza na daftari. Padri alikuwa amemfundisha kuandika michezo, hatua kwa hatua, ili mtu aweze kuicheza tena na kuona alikosea wapi. Lakini Fundi hakutumia alama za Kifaransa. Aliandika kwa herufi zake: Ng, Msh, Ma, Mw, kisha herufi na namba ya chumba cha ubao. Kurasa sitini zilijaa hivyo, kwa penseli ya seremala. Polisi yule aliyekuwa akipita aliripoti kwamba Songo kuna watu wanakusanyika kila siku saa kumi, wanabishana kwa sauti, na mkubwa wao anaandika mambo yasiyosomeka. Miaka hiyo ofisi iliogopa sana dini za siri. Wakaja wakachukua daftari, na Fundi akaitwa, ikiwa imebaki wiki moja karatasi yake ipigwe muhuri.

Bwana Ajenti alikuwa kijana, msaidizi wa mkubwa wa wilaya, na esheki aliijua. Alikuwa na ubao wake barazani. Alipoambiwa kwamba herufi zile ni mchezo, hakuamini, akataka aonyeshwe. Fundi akafungua ukurasa wowote, akapanga vipande, akaucheza mchezo mzima kutoka kwenye daftari mpaka mwisho, huku mimi nikitaja kila herufi maana yake. Bwana Ajenti alifuata kwa macho. Ilikuwa wazi kwamba ni mchezo, tena mchezo mzuri. Jambo lilikuwa limekwisha, na karatasi ya Fundi ilikuwa pale mezani kando ya muhuri, inangoja tu mkono. Ndipo Bwana Ajenti akasema, huku akiwaangalia wazungu wenzake wawili waliokuwa wakinywa bia, “Mwulize kama anaweza kucheza nami.”

Nilitafsiri. Halafu nikainama kana kwamba naokota kitu, nikamwambia Fundi kwa sauti ya chini, “Yaya, umuache ashinde. Karatasi yako iko mezani.”

Hakunong'ona alipojibu. “Miaka ine ulikuya ku atelie yangu. Siku gani nilikufundisha kupoteza na makusudi?”

Bwana Ajenti alipewa vyeupe; vipande vilikuwa vyake, ila majina nayataja ya kwetu. Hatua ya pili tu akamtoa Mama, akitafuta kummaliza Fundi kwa hatua nne, ule mtego wa watoto wa shule. Fundi akaweka mkono pajani, akajiuliza swali lake, akatoa ng'ombe. Mama wa Ajenti akasogea, Fundi akatoa mshale. Mama akakimbia tena, Fundi akamwingiza Mwami wake ndani. Kila Mama alipotafuta pa kusimama, Fundi alitoa kifaa kingine, mpaka vyake vyote vilikuwa kazini, na watu wake wawili wamekaa katikati, wakati upande wa pili vipande karibu vyote vilikuwa vimelala. Nilijua mwisho wake kabla haujafika. Nilikuwa na furaha na hofu, vyote viwili kwa pamoja, na nilimchukia Fundi kidogo kwa kunitia katika hali hiyo.

Kisha akauacha mnara wake wa kona bila mlinzi. Nilitazama pembeni. Yule kijana mzungu hakuwahi kugusa kete ya kisoro maishani mwake, lakini aliula ule mnara kwa haraka na kwa tabasamu, kama mkulima wetu wa bondeni siku yake ya kwanza. Mama wake akawa kule konani, ameshiba, mbali na nyumbani, na Mwami wake bado amesimama katikati, hajaingizwa ndani. Fundi akamsogeza ng'ombe.

“Umwambie,” alisema, “mwami yake haina njia tena. Hatua mbili. Anaweza kuangalia, lakini imekwisha.”

Na mimi nikageuka kwa Bwana Ajenti, nikasema kwa Kifaransa kizuri cha ofisi, “Anasema Bwana anacheza vizuri sana, na yeye anaona heshima kujifunza kwake.”

Nimeyabeba maneno hayo muda mrefu. Fundi alikuwa na Kifaransa cha padri, alisikia. Bwana Ajenti naye alikuwa ameanza kuuona ubao, shingo imekuwa nyekundu. Akasogeza mmoja wa watu wake wanane, akanyoosha mkono kwa ukarimu na kusema, basi, tuseme hakuna aliyeshinda, ni sawa kwa sawa, leo jua ni kali. Nikatafsiri hilo sawasawa, kwa matumaini. Wenzangu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Fundi alipaswa kuinua mkono tu, ampe Bwana mkono, achukue karatasi, aende akale.

Alicheza hatua ya kwanza. Bwana Ajenti akajibu kwa kulazimika. Akacheza ya pili, akaondoa mkono wake taratibu, akasema yeye mwenyewe kwa Kifaransa, “Imekwisha, Bwana.” Hakuna aliyecheka. Bwana Ajenti aliichukua ile karatasi isiyo na muhuri, akaitia kwenye droo, akaniambia nimwambie kwamba daftari halina kosa na anaweza kwenda.

Barazani chini, tukielekea barabarani, nilianza kujitetea. Fundi akanikatiza. “Karani, siku ingine ukibeba maneno yangu, uyafikishe yote. Usiyapige randa.”

Siku tano baadaye walimpa siku tatu za kuondoka. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kwamba mji hauna haja ya seremala mwingine. Niliichapa barua hiyo mwenyewe kwa mashine, na sikuacha hata nukta moja. Wapakizi wa Kalundu walimbebea mbao mpaka mwanzo wa kupanda, na mke wake alitangulia mbele na ule ubao kwapani. Muda mfupi baadaye mimi nilipata kadi yangu. Walisifu kabati.

Miaka mitatu ilipita. Uchaguzi wa kwanza ulikuwa unakuja, mambo yalikuwa yameanza kubadilika hata kwenye nyuso za wazungu wetu, na ofisi ilihitaji masanduku ya kura, meza na madawati, yote kwa haraka. Yule seremala ambaye mji haukuwa na haja naye alikumbukwa. Bwana Ajenti, aliyekuwa bado yupo, alinipa barua iliyochapwa tayari. Fundi aandike jina lake chini ya maneno ya kuomba msamaha kwa utovu wa adabu, kisha akifika mjini karatasi itapigwa muhuri. Nikapanda mlima.

Nilimkuta juu ya Lemera, ananyoosha fremu ya mlango. Ndevu zilikuwa zimeingia mvi. Nyuma yake wachungaji wawili walioshuka kutoka Mulenge walikuwa wamekaa mbele ya ubao, na mmoja alikuwa akimlalamikia kwamba pembe za ng'ombe wake zimechongwa vibaya, ng'ombe wa namna hiyo hayupo. Mke wake alinipa maziwa. Tuliongea habari za watoto. Halafu nikamsomea barua.

“Unataka kunirudisha?” aliuliza.

“Nataka urudi, yaya. Tangu ulienda, Songo haina saa kumi.”

“Nitashuka,” alisema. “Kazi ya masanduku ni kazi muzuri, nitaifanya. Bibi yangu atafuata na mizigo. Lakini barua hiyo, hapana. Minye sikukosa adabu. Nilicheza.”

“Bila barua haiko karatasi. Na bila karatasi batakufunga.”

“Basi.”

Nilimwambia kila kitu ambacho mtu mwoga mwenye akili anaweza kusema. Nilimwambia aandike jina tu, jina si kitu. Nilimwambia dunia inakwenda kubadilika, angoje kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anafunga vifaa vyake kwenye sanduku. Kisha akaliweka kichwani, akaanza kushuka. Nikamfuata. Tulitembea siku nzima na sehemu ya siku ya pili, na kwenye bonde watu waliomjua walitoka mashambani kumsalimu, yule mkulima wa pamba akiwa mmoja wao. Barua ilikuwa mfukoni mwangu njia nzima, na kadi yangu ilikuwa mfuko wa pili.

Mahali pa kuingilia mji polisi walikuwa wameweka mti kukatiza barabara. Polisi mmoja alisimama na daftari la wanaoingia. Aliniona na tai yangu, akasimama sawasawa, kisha akamtazama Fundi.

“Huyu iko na karatasi?”

Nilikuwa na jibu la ofisi tayari kinywani, maneno laini ya kupitisha siku. Ningesema huyu ni mtu wa kazi ya serikali, karatasi iko njiani, Bwana Ajenti anamngojea. Ingetosha. Polisi yule alitaka tu neno la kuandika.

“Haiko na karatasi,” nilisema. “Walimupatia barua ya kuomba musamaha, akakataa, juu hakukosa kitu. Minye njo ninamuleta. Andika vile. Andika na jina yangu.”

Najua mtakaloniuliza, nami nitawajibu mapema: ndiyo, kazi ya ofisi ilinitoka wiki hiyo hiyo, na kadi wakaichukua. Kabati ninayo bado. Lakini wakati ule sikufikiri hayo. Nilitaka sana Fundi awe amesikia, kwa hiyo niligeuka kumwangalia.

Hakuwa nyuma yangu. Hakungoja jibu langu wala la polisi, aliyekuwa ameinamia daftari kuandika. Alikuwa amekwisha kuuinua ule mti kwa mkono mmoja, sanduku lake kichwani, akapita, na sasa alikuwa upande wa pili akiutazama kwa jicho la kazi.

“Mubovu,” alisema. “Karani, ukishapita uushushe pole pole, usivunjike.”

Nikapita, nikaushusha.